Dada, ile mashine inayogeuka papo hapo, tuinunue?

Wadogo zangu wa Katesh, barua yenu nimeisoma, na nawajibu hadharani kwa sababu inafanana na nyingine zilizonifikia kutoka Dongobesh na Haydom. Mmeunda kikundi cha vijana, mnasubiri mkopo wa halmashauri, na mmeona kwamba kazi ya kufyeka ipo: viwanja vya shule, makanisa, zahanati, kando ya barabara. Halafu mmeangalia video ya jamaa wa Marekani aliyekaa kwenye kiti, ameshika fimbo mbili za chuma, mashine inazunguka palepale ilipo na uwanja mzima unakwisha kabla chai haijapoa. Sasa mnaniuliza: dada, tuchukue yenye injini ya Kawasaki, Kohler au Briggs & Stratton? Na ya dizeli je?

Swali la injini nitalijibu, msinune. Ila mmelianzia mkiani. Kabla ya injini kuna mteremko, na kabla ya kampuni kuna majani yenyewe mnayokwenda kukata.

Tuanze na mashine. Hiyo wanayoiita ziro-tani haina usukani. Kila gurudumu la nyuma lina pampu na mota yake ya haidroliki. Ukisukuma fimbo ya kulia mbele na kuvuta ya kushoto nyuma, mashine inajizungusha kama pia. Magurudumu ya mbele hayaongozi chochote, yanafuata tu. Ilibuniwa Kansas miaka ya 1960, nchi ya ngano na tambarare, ambako mtu anaweza kukata majani siku nzima asikutane na kilima. Ndiyo maana inapendeza kwenye video.

Mkiipeleka Gendabi au juu ya Mbulu mjini, mambo yanabadilika. Kwenye mteremko wenye umande, magurudumu ya nyuma yakianza kuteleza umepoteza vitu viwili kwa mpigo, breki na uwezo wa kuiongoza, kwa sababu vyote viko kwenye magurudumu hayohayo. Ya mbele yanageukia bondeni na mashine inakwenda inakotaka yenyewe, na wewe juu yake. Watengenezaji wengi wanaandika kwamba mteremko usizidi nyuzi 15, na wengine wanasema 10. Wengi wanaokufa na mashine hizi hupinduliwa nazo kwenye mteremko, mtaro au ukingo wa bwawa. Kile chuma kirefu kilichosimama nyuma ya kiti kipo ili mashine ikipinduka isikulalie, nacho hakisaidii kitu kama hujafunga mkanda.

Nyuzi 15 mtazijuaje bila kipimo cha wahandisi? Chukueni kibao cha mita moja na chupa ya maji iliyojaa nusu. Wekeni ncha moja ya kibao chini upande wa juu wa mteremko, inueni ncha ya pili mpaka maji ya kwenye chupa yaonyeshe kibao kimelala sawa, kisha pimeni nafasi iliyo chini ya hiyo ncha ya pili. Ikifika sentimeta 27, hapo ni nyuzi 15. Ikizidi, ziro-tani haipandi, na muuzaji asiwaambie vinginevyo. Fanyeni hivyo kwenye kila eneo mnalotarajia kupewa. Nawajua watu wa Mbulu, mmelima kwa makinga maji tangu enzi za mababu kwa sababu ardhi yenu inateremka, na viwanja vya shule na makanisa vimechongwa ubavuni mwa vilima hivyohivyo. Hanang mna nafuu: upande wa Basotu ni tambarare, na Katesh yenyewe ina sehemu nzuri ukishashuka kutoka mguuni mwa mlima.

Sasa majani. Mashine ya kukaa imetengenezwa kwa ukoka unaokatwa kila wiki, urefu wa vidole vichache. Kando ya barabara zenu, ikifika Machi, majani yako kiunoni, na ndani yake kuna mawe, visiki, vichuguu, waya, chupa, na vigingi vya kufungia mbuzi ambavyo mwenyewe kavisahau. Kisu cha chini kikigonga jiwe kwa mzunguko ule, kwanza kinapinda, pili kinalirusha jiwe kwa nguvu ya kuvunja kioo cha gari au mguu wa mpita njia. Tena tangu maporomoko ya matope ya Desemba 2023, hakuna mtu wa Katesh wa kufundishwa hasara ya mtaro ulioziba. Kazi nyingi ya barabarani iko humo mitaroni na kwenye kingo zake, na hakuna mashine ya kukaa inayoingia mtaroni.

Kuna jambo lingine ambalo jamaa wa Marekani hana habari nalo. Kwake majani yaliyokatwa ni takataka. Kwenu ni chakula cha ng'ombe. Ziro-tani inasaga majani na kuyatawanya vipande vya nusu kidole. Huwezi kuyakusanya ukamuuzia mfugaji wa maziwa. Mashine ya kufyekea ya begani yenye kisu cha chuma, au ile ya kusukuma yenye meno ya msumeno mbele, inayalaza majani marefu yakiwa mazima. Mnayaanika, mnayafunga marobota, mnasubiri Septemba na Oktoba wakati malisho ya Hanang yamebaki vumbi. Mwenye uwanja amewalipa kufyeka, na mwenye ng'ombe anawalipa kwa kilichofyekwa. Nashangaa barua yenu ndefu hivyo haikugusa hili hata kwa sentensi moja, na humo kikundini naamini kuna watoto wa wafugaji.

Haya, hesabu, maana mkopo ni deni hata kama hauna riba. Ziro-tani ya kibiashara yenye upana wa inchi 52, ikienda mwendo wa kawaida wa kazi, inakata kama ekari mbili na nusu kwa saa ukiondoa kona na kupumzika. Uwanja wa mpira wa vipimo kamili una ekari moja na robo tatu hivi. Yaani ikifanya kazi saa tano tu imemaliza viwanja saba. Niambieni ukweli, wadogo zangu: Katesh kuna viwanja saba vya kukatwa leo, vingine saba kesho, na vingine saba keshokutwa? Huko Marekani mashine ya daraja hilo inaanzia kama dola 8,000 na kupanda hadi 15,000, kabla hamjalipa meli, bandari, ushuru, VAT ya asilimia 18 na lori la kuileta Manyara. Kisha inapofika Juni mvua zimekwisha, majani yamekauka, na mashine inalala hadi mvua za mwisho wa mwaka, huku marejesho ya mkopo hayajui masika wala kiangazi.

Injini sasa, niliwaahidi.

Kawasaki, Kohler na Briggs & Stratton zote zinatengeneza injini za silinda mbili zilizokaa kama herufi V, zinazopozwa kwa hewa, na zote tatu zina daraja la kazi na daraja la nyumbani. Hapa ndipo watu wanapopigwa. Kawasaki ya FR ni ya mwenye bustani yake. FX ndiyo ya mtu anayekula kwa mashine. Kwa Kohler tafuteni Command Pro, kwa Briggs tafuteni Vanguard. Ukizitazama kwa mbali zinafanana, lakini moja imetengenezwa kwa saa chache za wikendi na nyingine kwa kazi ya kutwa. Kati ya FX, Command Pro na Vanguard, tofauti ni ndogo kuliko maneno ya wauzaji. Mkinilazimisha kuchagua, ningechukua Kawasaki FX ya kabureta, kwa sababu fundi wa pikipiki aliyetulia anaweza kuifungua na kuielewa.

Hilo la kabureta lina upande wake wa pili, na linawahusu nyinyi kuliko watu wa Dar. Katesh na Mbulu mko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi. Honda wanaandika wazi kwenye vitabu vya injini zao ndogo kwamba nguvu hupungua kama asilimia 3.5 kwa kila mita 300 unazopanda, hata kabureta ikisharekebishwa. Pigeni hesabu: mkifika nyumbani mmepoteza karibu moja ya tano. Injini ya hospawa 22 mliyoijaribu dukani Dar es Salaam ikanguruma vizuri, Katesh ni kama 18. Na isiporekebishwa ni vibaya zaidi, kwa sababu kabureta inaendelea kumwaga petroli ileile kwenye hewa iliyopungua: plagi inakuwa nyeusi, moshi unatoka, mafuta yanaisha haraka, nanyi mnamlaumu mwenye kituo kwamba kachakachua. Dawa ni kuweka jeti ndogo zaidi, ile inayotengenezwa kwa ajili ya nyanda za juu. Muulizeni muuzaji kama anayo kabla hamjatoa hela. Akiwakodolea macho, mmeshapata jibu kuhusu huduma yake.

Injini ya EFI, isiyo na kabureta, inajipimia hewa yenyewe na kupunguza mafuta bila kuambiwa, kwa hiyo kwa mwinuko wenu ingefaa. Lakini sensa moja ikifa mnahitaji kompyuta ya kuisoma na kifaa kutoka mbali, na mashine inakaa chini ya mti wiki tatu katikati ya Machi. Mimi bado nasimama na kabureta.

Dizeli nayo msiidharau. Kubota wanatengeneza ziro-tani za dizeli zenye injini zao za silinda tatu zinazopozwa kwa maji, na injini za aina hiyo zinadumu sana. Kijiji chenye trekta na mashine ya kusaga hakikosi mtu anayejua nozeli na pampu ya dizeli, na huko Basotu na Haydom matrekta ni jambo la kila siku. Bei kikomo za mafuta hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo kulinganisha petroli na dizeli hakuhitaji ramli. Tatizo la dizeli ni uzito na bei. Uzito kwenye mteremko ni adui, na bei ndiyo hiyo mnayokopa. Taasisi yenye eneo kubwa la tambarare, tuseme inayotunza uwanja wa ndege mdogo kama ule wa Haydom, ningeiambia dizeli bila kusita. Lakini hata hiyo, kama ina trekta tayari, ningeiuliza kwanza kwa nini isinunue fyekeo la kufunga nyuma ya trekta, linalozungushwa na shafti ya trekta yenyewe. Halina injini ya pili ya kutunza, na linakata majani marefu ambayo ziro-tani ingesongwa nayo.

Na jamani, injini siyo itakayowaliza. Itakayowaliza ni ile haidroliki ya magurudumu. Nyingi zinatoka kiwandani kama boksi lililofungwa, pampu na mota pamoja, za kampuni kama Hydro-Gear. Likichoka, fundi wa mtaani hafungui ndani akabadilisha kitu kimoja. Mnaagiza boksi zima. Hanang mmeshaona mashine kubwa za kigeni. Mashamba ya ngano ya NAFCO yalilimwa kwa mashine zilizokuja na msaada wa Kanada kuanzia miaka ya 1970, na wazee wa huko watawasimulia trekta kubwa linavyogeuka kibanda cha kuku spea zinapokosekana. Kawaulizeni, simulizi yao ina faida kuliko kipeperushi cha duka.

Ningefanyaje kwa hela yenu? Ningenunua mashine mbili za begani za daraja la kazi, Stihl au Husqvarna, kwa wakala anayetoa risiti ya EFD na mwenye plagi, kamba za nailoni na visu kabatini siku hiyohiyo. Za kuchanganya oili kwenye petroli, ndiyo. Najua zinapiga kelele na moshi wake una harufu. Lakini injini ndogo yenye oili yake chini, inayojirushia oili kwa kijiko, haipendi kulala upande. Mteremko ukizidi nyuzi 20 hivi oili haifiki inakotakiwa na injini inajisaga. Ya kuchanganya inakata hata ukiigeuza. Kosa kubwa ni kipimo: kama kitabu kinasema 50 kwa 1, ni mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli, kikisema 25 kwa 1, ni mililita 200. Tumieni kikombe chenye alama, mkabidhini mtu mmoja kazi hiyo, na petroli ikae kwenye dumu lake, si chupa ya maji ambayo mtoto ataifungua akidhani ni juisi.

Pamoja na hizo, mashine moja ya kusukuma ya inchi 21, kwa ajili ya bustani za ofisi na makanisa. Uwanja wa mpira utaichukua kama saa tatu na nusu, si dakika arobaini kama ziro-tani. Vijana mko wengi, pokezaneni.

Mkimaliza msimu wa kwanza na deni linalipika, ongezeni ile ya meno ya msumeno kwa ajili ya majani ya mifugo, na hapo chagueni yenye injini ya familia ya Honda GX160. Hiyo ndiyo injini ya pampu za maji za umwagiliaji, na nakala zake za Kichina zimejaa nchi nzima, hivyo kabureta, gasketi, ringi na kamba ya kuwashia mtapata Katesh au Babati bila kupiga simu Dar. Lakini angalieni, msichanganye: mashine nyingi za kusukuma za bustani zina injini ambayo shafti yake inatazama chini, na spea za pampu ya maji haziingii zote humo. Wengi wananunua wakidhani injini zote za Honda ni ndugu wa tumbo moja.

Vitu vya usalama viwekeni kwenye bajeti ya mkopo, si kwenye ahadi. Miwani, buti, kinga ya masikio, na mtu wa kuzuia watu wasikaribie chini ya mita 15 mashine ya begani inapokata. Kwenye shule hiyo ni kazi ya mtu mzima anayeogopwa na watoto.

Kuhusu kazi zenyewe: msisubiri kuitwa. Mikopo ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 na imerudi, na maofisa wanaangalia zaidi kama kikundi kina soko. Jisajilini kwenye mfumo wa NeST ili muweze kuomba kazi za serikali zilizotengwa kwa makundi maalum. Nendeni TARURA mkaulize kazi za matengenezo ya kawaida, maana kufyeka na kusafisha mitaro vimo humo. Ukiwa na mkataba wa karatasi, hata swali la mashine linakuwa jepesi: unajua ni ekari ngapi, mteremko gani, majani gani.

Kwa hiyo ziro-tani, kwa sasa, hapana. Siku mtakayokuwa na mikataba ya tambarare iliyosainiwa, ya kuwapa walau ekari sitini kila wiki msimu mzima, niandikieni tena, nami nitawaambia Kawasaki FX au Kubota ya dizeli kulingana na fundi mliye naye. Na nyinyi mnaofanya kazi hii tayari Mbulu, Haydom na Basotu, niandikieni pia: plagi na visu mnapata duka gani, kwa bei gani, na fundi yupi amewafaa. Wenzenu wa Katesh wanasubiri majibu kabla hela haijaingia.